Udogo si utoto: Ukingo wa Misungwi unavyolea samaki wa mezani kwetu

Misungwi. Ukitoka jijini Mwanza kwa barabara ya Shinyanga unapita Mkolani na Buhongwa, kisha unafika Usagara, mahali safari zinapogawanyika. Wa Misungwi mjini na Shinyanga wananyoosha. Wa Sengerema na Geita wanakata kulia kwenda Kigongo.

Kwa miaka mingi Kigongo lilikuwa jina la kusubiri. Magari yalipanga foleni, wachuuzi walipita madirishani, na abiria walikodolea macho maji kuona kama kivuko kinarudi. Tangu Juni 2025, Daraja la J.P. Magufuli lenye urefu wa kilomita 3 limefuta subira hiyo. Ghuba ya Mwanza inavukwa kwa dakika chache.

Lakini abiria wa darajani hapati tena nafasi ya kuutazama ukingo. Zamani ukisubiri kivuko ulikuwa na muda wa kuona matete, magugumaji, ndege weupe waliosimama kwa mguu mmoja na watoto wanaochota maji kwa madumu. Sasa unaona maji mapana na upande wa pili. Ukingo unaonekana kama uchafu wa ziwa, kitu cha kufyekwa ili pwani ipendeze.

Sehemu kubwa ya samaki tunaowalisha watoto wetu huanza maisha kwenye maji hayo ya magotini. Kwa mzazi anayepanga mboga ya leo na kesho, ukingo huo una maana kubwa kuliko unavyoonekana.

Mafungu mawili ya samaki

Kwenye magenge ya samaki kando ya barabara za Mwanza ni kawaida kukuta mafungu mawili yamepangwa jirani. Moja ni la dagaa, wenye urefu wa kidole. Lingine ni la samaki wenye urefu wa kiganja au zaidi kidogo, waliokaangwa hadi wakawa na rangi ya kahawia. Ukiwatazama vizuri unagundua ni sangara.

"Mwangaluka, mama," nilimsalimia muuzaji mmoja, kisha nikauliza tofauti ya mafungu hayo.

"Mwangaluka, mwanangu. Wote ni wadogo hao, wa bei ya nyumbani. Chukua upendalo."

Jibu lake ni la kweli kwa upande wa bei. Kwa upande wa umri, mafungu hayo yako mbali sana. Dagaa wa sentimita tano ni mtu mzima. Anakomaa akiwa na urefu wa sentimita nne hivi, kabla hata hajamaliza mwaka wa kwanza, na huenda tayari ameshataga. Sangara wa sentimita ishirini, ambaye ni mkubwa mara nne kwa urefu, bado ni mtoto. Kisheria sangara hapaswi kuvuliwa kabla hajafika sentimita 50, na sato kabla ya sentimita 25.

Kwa hiyo udogo si utoto. Anayenunua dagaa ananunua samaki aliyemaliza kukua. Anayenunua sangara wa kiganja ananunua mtoto aliyetolewa chekechea.

Hesabu ya uzito inaonyesha hasara yake. Samaki akikua hapanuki kwa urefu tu, huongezeka unene na kimo pia. Urefu ukizidi mara mbili, uzito huzidi karibu mara nane. Sangara wa sentimita 25 akiachwa afike 50, nyama yake inalingana na ya wenzake wanane wa mwanzo. Wale wanane wakishakaangwa, hakuna hata mmoja aliyeacha mtoto ziwani.

Kila umri na nyumba yake

Samaki hakui kwa mwendo mmoja tangu yai hadi uzee, wala hakai mahali pamoja. Chukua sato. Dume huchimba kiota cha duara kwenye mchanga wa maji mafupi. Jike akitaga, huyakusanya mayai mdomoni mwake na kuyaatamia humo kwa wiki moja hadi mbili. Muda wote huo hali chochote cha maana. Vifaranga wakitoka hubaki karibu na mama, na hatari ikitokea hurudi mdomoni. Baadaye huachwa wajitegemee kwenye maji mafupi yenye majani, ambako jua hupasha maji joto na vijidudu vya kula ni vingi.

Sangara hana malezi ya namna hiyo. Jike mkubwa hutaga mayai kwa mamilioni, kila moja dogo kuliko kichwa cha pini, na kuyaacha yaelee. Kifaranga huanza kwa kula vijidudu visivyoonekana kwa macho. Akifikisha sentimita chache huhamia kwa kamba wadogo wa ziwani na viluwiluwi vya wadudu. Akikua zaidi huanza kula samaki, wakiwamo watoto wa sangara wenzake. Kila anapobadilisha chakula hubadilisha na mahali, kutoka maji tulivu ya kandokando kuelekea maji ya wazi na yenye kina.

Ningu, samaki wa asili wa ziwa hili, ana mpango mwingine. Mvua zikinyesha na mito ikajaa, hupanda mtoni kutaga kwenye maji yaliyofurika, kisha watoto hushuka ziwani. Nyavu zilizotegwa midomoni mwa mito ziliwakamata wazazi wakiwa njiani, na leo ningu ni samaki ambaye vijana wengi wa Mwanza wanamjua kwa jina tu.

Samaki hawa wote wana kanuni moja. Akiwa mchanga, samaki hutumia chakula kujenga mwili, hivyo hurefuka haraka. Akikomaa, sehemu kubwa ya nguvu huenda kwenye mayai na mbegu, na urefu huongezeka polepole. Mazingira yakiwa mabaya, mpango huo huvurugika. Wafugaji wa sato wanalijua hili: bwawa likijaa kupita kiasi, samaki huzaana mapema wakiwa wadogo na kubaki hivyo hivyo. Bwawa linakuwa na samaki tele, lakini hakuna wa kuuza.

Somo kutoka mikokoni

Wanasayansi wamelichunguza jambo hili kwa undani zaidi baharini, kwenye misitu ya mikoko. Sehemu ya ushahidi huo imetoka hapa nchini.

Mwaka 2013 Dk. Ismael Kimirei, ambaye baadaye alikuwa Mkurugenzi Mkuu wa Taasisi ya Utafiti wa Uvuvi Tanzania (TAFIRI), alichapisha pamoja na wenzake utafiti wa samaki wa miambani katika pwani ya Tanzania. Walitaka kujua samaki wakubwa wanaovuliwa kwenye matumbawe walikulia wapi. Samaki haulizwi, kwa hiyo walitazama kijiwe kilichomo ndani ya sikio lake.

Kijiwe hicho hukua tabaka kwa tabaka kadiri samaki anavyokua, kama pete za ndani ya mti. Tabaka za katikati ziliundwa utotoni na za nje ukubwani. Kila tabaka hubeba alama za kikemikali za maji na chakula cha wakati ule. Ukizipima, unapata historia ya makazi ya samaki.

Kwa aina moja ya samaki mwenye doa jeusi ubavuni, makadirio yalikuwa kwamba 99 kati ya kila 100 waliovuliwa kwenye miamba ya mbali walipitia mikokoni wakiwa wadogo. Kwa aina moja ya changu, 82 kati ya 100 walikulia kwenye mikoko au kwenye majani ya bahari. Aina nyingine ya changu ilikuwa tofauti, wengi wao walikulia kwenye miamba yenyewe. Kila samaki ana chekechea yake, na huwezi kuokoa moja ukadhani umeokoa zote.

Swali linalofuata ni kwa nini wakae huko. Mtu angedhani mikokoni wanakua haraka zaidi. Huko Curaçao, kisiwa cha Karibi, watafiti walipima ukuaji wa samaki mmoja wa miambani akiwa mchanga katika makazi mbalimbali. Walikuta kwamba alikua haraka zaidi kwenye mwamba kuliko kwenye mikoko na majani ya bahari. Lakini kwenye mwamba ndiko alikoliwa zaidi na samaki wakubwa.

Mtoto wa samaki, basi, hakai mikokoni kwa kuwa ndiko anakonenepa upesi kuliko kwingine. Anakaa kwa kuwa ndiko anakobaki hai mpaka awe na ukubwa wa kuhimili kwingine. Anakubali kukua polepole kidogo ili aishi, na mwili ukitosha anahama. Ukiondoa maficho humfanyi akue haraka. Unampeleka kwenye midomo ya wakubwa kabla ya siku yake.

Ukingo usio na mikoko

Ziwa Victoria halina mikoko, kwa sababu mikoko ni miti ya mahali maji ya bahari yanapofika. Huku kwetu kazi ya kuficha watoto inafanywa na mafunjo, matete na majani ya majini. Ukiifuata Ghuba ya Mwanza kuelekea kusini, ndani ya Misungwi, maji yanapungua kina na ghuba inakuwa nyembamba hadi kwenye mafunjo ya mlango wa Mto Magogo. Pande za Mbarika na vijiji vya kandokando, ziwa na mashamba vinakaribiana sana.

Mafunjo yana siri ambayo mikoko haina. Katikati ya mafunjo mazito hewa ya oksijeni kwenye maji ni ndogo. Sangara ni samaki anayehitaji hewa nyingi, hivyo hawezi kuingia humo na kukaa. Utafiti uliofanywa Ziwa Nabugabo nchini Uganda ulionyesha kuwa samaki wa asili wanaovumilia hewa ndogo walipata kimbilio kwenye majani na mafunjo ya kingoni, mahali ambapo sangara hawafuati kwa urahisi.

Wazee wa Mwanza wanalielewa jambo hilo bila vipimo. Wanawakumbuka furu, samaki wadogo wa kila rangi waliojaa ziwa kabla sangara aliyepandikizwa miaka ya 1950 hajaongezeka. Kufikia miaka ya 1980 aina nyingi za furu zilikuwa zimepotea au kubaki chache. Kamongo naye hutegemea majani hayo. Dume hulinda kiota chake kwenye mafunjo, na watoto wake huzaliwa na mashavu ya kupumulia yanayoning'inia nje kama manyoya.

Sato na sangara wachanga hawakai ndani kabisa ya mafunjo. Wao hukaa pembeni, pale majani yanapokutana na maji ya wazi, ambapo kuna hewa ya kutosha na mahali pa kujificha hatua chache tu.

Pembe hiyo nyembamba ndiyo inayobanwa kutoka pande mbili. Upande wa nchi kavu mafunjo yanafyekwa ili kupata shamba la mpunga au la mboga. Anayefyeka si mtu mbaya. Mvua zikiwa haba, udongo wa ukingoni ndio wenye unyevu, na watoto wake wanataka ada na chakula. Upande wa maji linakuja kokoro, wavu mrefu unaokokotwa hadi ufukweni. Kokoro limepigwa marufuku, lakini halijaisha. Ubaya wake hauko kwenye udogo wa matundu peke yake. Linakokotwa juu ya viota vya sato na kuzoa kila mtoto aliyejificha.

Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu za binadamu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa au mto. Mita 60 ni kama nusu ya uwanja wa mpira kwa urefu. Kwa mkulima mwenye ekari moja ni nyingi. Kwa samaki ni chekechea nzima, na kwa wanywaji wa maji ni chujio la matope. Hilo la mwisho linagusa hata walio mbali na ziwa, kwani chanzo cha maji cha Ihelele, kilichomo Misungwi, ndicho kinachowapa maji watu wa Shinyanga na Kahama.

Watoto wawili kwenye maji mamoja

Mwandishi wa afya hawezi kuusifia ukingo bila kutaja upande wake wa pili. Maji mafupi, tulivu na yenye majani hupendwa na samaki wachanga, na hupendwa pia na konokono wanaobeba vimelea vya kichocho. Mwambao wa Ziwa Victoria ni eneo la kichocho cha tumbo. Vimelea hutoka kwenye konokono na kupenya ngozi ya mtu aliye majini, bila yeye kuhisi. Mtoto anaweza kukaa nacho muda mrefu akiwa mchovu, anaumwa tumbo, anaharisha mara kwa mara au anajisaidia choo chenye damu. Anaweza pia kupungukiwa damu na kuchelewa kukua.

Kwa hiyo mzazi wa ukingoni ana hoja anaposema heri majani yafyekwe. Lakini kusafisha njia na sehemu ya kuchotea maji ni jambo moja, na kufyeka pwani yote ni jambo lingine. La kwanza linapunguza konokono mahali watoto wanapogusa maji. La pili linabomoa chekechea ya samaki.

Yapo mambo ya kufanya nyumbani. Watoto wasicheze majini, hasa kuanzia saa nne asubuhi hadi alasiri, kwani jua likiwa kali vimelea hutoka kwa wingi. Maji ya kuogea yaliyochotwa ziwani yachemshwe, au yahifadhiwe kwenye chombo safi kwa siku mbili kabla ya kutumika. Kila mtu atumie choo, maana kinyesi na mkojo vinavyoingia ziwani ndivyo vinavyoendeleza mzunguko wa ugonjwa. Na zoezi la kugawa kingatiba shuleni likitangazwa, mtoto ale chakula, aende, ameze dawa.

Mezani kwa familia

Utafiti wa kitaifa wa afya wa mwaka 2022 ulikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto anapotimiza miaka miwili, ndizo zinazojenga sehemu kubwa ya kimo na ubongo wake. Mtoto akidumaa katika kipindi hicho, ni vigumu kurudisha kilichopotea. Kwa nyumba ya kanda ya ziwa, samaki ni mojawapo ya njia za karibu za kuzuia hilo.

Chaguo jema kwa mtoto na chaguo jema kwa ziwa mara nyingi ni lile lile, yaani dagaa. Kwa kuwa huliwa mzima, na mifupa yake na kichwa chake, humpa mtoto madini ya chokaa, chuma na zinki pamoja na protini. Kwa nyama ya sangara pekee, chokaa nyingi hubaki kwenye mapanki.

Mambo manne yanafaa kuzingatiwa.

Kwanza, chagua dagaa waliokaushwa kwenye chanja badala ya mchangani. Hao wa mchangani hubeba mchanga na mara nyingi vijidudu vya kinyesi cha wanyama na ndege. Dagaa mzuri ananukia samaki, hanuki uvundo, na hang'atiki kama kokoto.

Pili, waoshe kwa maji ya uvuguvugu mara mbili au tatu, wakaushe, wakaange bila mafuta kwenye kikaango hadi wavunjike kwa vidole, kisha wasage na kuchekecha. Mtoto aliyetimiza miezi sita anaweza kuanza na kijiko kidogo cha unga huo kwenye uji au mboga, huku akiendelea kunyonya. Akitokwa na vipele au kutapika, acha na umpeleke kituo cha afya.

Tatu, ukinunua sangara au sato mzima, muulize muuzaji urefu wake. Huhitaji rula. Mkono wa mtu mzima, kutoka kwenye kiwiko hadi ncha ya kidole cha kati, ni karibu sentimita 45. Sangara asiyezidi urefu huo bado ni wa kurudi ziwani. Sato anapaswa kuzidi shubiri, ule urefu wa kidole gumba hadi kidole kidogo ukikunjua kiganja.

Nne, usidhani dagaa hawana watoto. Wachanga wao hukaa karibu na ukingo, ndiyo maana wavuvi wanaotoka usiku na taa kwenda maji ya mbali hupata waliokomaa, huku wavu wa matundu madogo sana karibu na pwani ukizoa wasiofika hata sentimita tatu. Dagaa waliojaa vijinyuzi vyembamba visivyo na kichwa kinachoonekana ni dagaa waliovuliwa mapema.

Kwa wenye watoto wakubwa, ukingo wa Misungwi ni safari nzuri ya Jumamosi. Simameni mbali kidogo na maji, kwenye ardhi kavu, na mtazame pale majani yanapokutana na maji ya wazi. Ikiwa hakuna upepo mtaona maji yakitetemeka kwa vikundi, kama mvua inayonyesha kutoka chini. Hao ni samaki wachanga wakila. Mtoto akiuliza kwa nini hawaendi kule katikati kwenye maji mengi, mjibu: bado hawajafika umri wa kwenda.